Viatu Milangoni mwa Mji wa Mbao

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa mizungu. Mtu akiniletea habari za majini humwomba anipishe nipige msasa. Miaka mingi nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, nikizunguka Shimanzi kati ya maghala na malori, na kazi ile humfundisha mtu kwamba kilichopo kipo, kisichokuwepo hakipo, na maneno ya mwenye mzigo hayaongezi gunia. Nilipostaafu nilirudi kukaa nyumbani, mtaa wa Kibokoni, na tabia hiyohiyo, pamoja na magunia ya vipande vya mbao za paleti ambavyo nilikuwa nikiviokota kwa muda mrefu. Mke wangu aliniuliza ni kuni za kazi gani na sisi tunapikia gesi.

Zilikuwa za mji. Wazee wetu walituhadithia kwamba zamani barabara yetu ya Ndia Kuu ilikuwa na reli nyembamba, na juu yake vigari vyenye benchi moja na turubai la kivuli, vikisukumwa kwa nyuma na watu wawili. Nilitaka kuijenga reli ile tena juu ya meza ya chumba cha ghorofani, ikipita katikati ya mtaa wetu kama ulivyo leo. Reli na mota nilizitoa katika gari-moshi kuukuu la kuchezea. Nyumba nilizijenga mwenyewe, ubao kwa ubao. Nguzo za roshani zilikuwa chelewa za ufagio, boriti za dari zilikuwa vijiti vya kuchokolea meno, na mabati niliyakata kwenye makopo ya maziwa nikayabonyeza juu ya meno ya kitana mpaka yakapata mikunjo. Milango niliichonga kwa sindano ya kushonea magunia. Mlango mmoja ulinichukua wiki nzima, nao ukisimama haufiki nusu ya kidole changu.

Mke wangu alipanda ngazi mara moja tu siku za mwanzo, kunipa sharti.

"Jenga utakacho," akasema, "lakini sanamu za watu hapana. Nyumba yenye sanamu haingiwi na malaika, na miye malaika nawahitaji."

Sikubishana naye, maana hata mimi nililelewa hivyo. Kwa hiyo kigari changu, ambacho enzi zake kilisukumwa na wanaume wawili wenye jasho, kilikwenda peke yake. Kilitoka nyuma ya msikiti wa mbao, benchi tupu, turubai likitikisika, kikapita mbele ya milango iliyofungwa, kikakunja kona na kurudi. Niliujua kila msumari wa mji ule, na bado mara ya kwanza nilipokitazama kikipita nilisisimka mwili.

Ndipo nikapata wazo la viatu. Mtaani kwetu mtu hasomi jina mlangoni, husoma viatu. Ukifika kwa jirani ukakuta patapata za kike tupu, unapita zako. Ukiona makubadhi ya mwenye nyumba, unapiga hodi. Nikaona kwamba nikiweka viatu milangoni nitakuwa nimeweka watu, na malaika hawatakuwa na la kusema. Mshona viatu alinipa mabaki ya ngozi anayoyafagia. Niliyakwangua kwa wembe mpaka yakawa membamba kama ganda la kitunguu, nikakata pea moja moja kwa mkasi wa kucha, kila kiatu kisizidi punje ya mchele. Nilivigandisha kwa gundi ya mbao, ncha zikielekea mlango, kwa kila aliyekuwa akikaa katika kila nyumba. Mlangoni petu niliweka pea tatu. Yangu, ya mke wangu, na ya mwanetu.

Mwanetu alikuwa amepanda meli ya mizigo, kazi ya jikoni. Alipiga simu kutoka bandari ya kwanza akilalamikia mchele wao, akapiga tena kutoka ya pili, kisha hakupiga. Meli haikufika ilikokuwa ikienda, wala hakuna aliyeiona imezama. Wakala aliyemwajiri alituambia tusubiri, halafu akafunga ofisi yake na yeye mwenyewe akawa wa kusubiriwa. Miaka ikapita. Makubadhi yake yalibaki nje ya mlango wetu pale alipoyavua asubuhi ile alipovaa buti za safari, na mama yake aliyapaka mafuta ya nazi kila Alhamisi ili ngozi isikauke. Shekhe wa msikiti wetu alinishika mkono siku moja akanieleza kwa upole kwamba mtoto akisomewa hitima hapotezi kitu, na wazazi wake hupumua. Nilipolifikisha neno hilo nyumbani, mke wangu aliweka sahani chini.

"Husomewa aliyekufa," akasema. "Wangu amechelewa."

Sikulitaja tena. Nilipanda kwenye mji wangu.

Sasa, mji wangu ulikuwa wa leo. Alipofariki bibi mmoja wa nyumba ya pembeni, niliona watu wake wanaviingiza viatu vyake ndani, na jioni ile nikapanda na kibano nikavitoa vyake vidogo. Sikuona ubaya. Kilichopo kipo. Akafa mwingine, nikafanya vivyo hivyo. Sikumwambia mtu, lakini nyumba zetu zinapumuliana madirishani, na haikuchukua muda mtaa mzima ukajua kwamba juu kwetu kuna mji, na katika mji ule ukifa unaondolewa viatu.

Aliyelifurahia jambo hili ni jirani yetu wa mkabala, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Kila Ijumaa alipanda ngazi zetu akihema, akainama juu ya meza.

"Salaam aleikum, mwenye mji. Miye ningalipo?"

"Ungalipo."

"Basi ntakunywa chai."

Mwaka ule masika yalikuwa mazito, chumvi ikitoka kutani, na gundi ikaanza kulegea. Ijumaa moja fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa mlango wake.

"Mbona vyangu vyataka kutoka?" akauliza.

Nikatazama. Pea yake ilikuwa imegeuka, ncha zikielekea njiani. Nikamwambia ni gundi. "Gundi," akalirudia neno, akacheka kidogo, akanywa chai yake nusu akaiacha. Alipoondoka tu nikavigeuza, nikatia gundi mpya, nikavikandamiza kwa kidole mpaka kidole kikafa ganzi. Wiki ile ile alizikwa. Nilipopanda na kibano kutoa viatu vyake, nilivikuta vinatazama njiani.

Nikasema ni unyevu. Bado nasema ni unyevu, mbao hufura na kupinda kila mtu ajua. Lakini tangu siku hiyo sikupenda tena kukaa chumbani mle jua likishashuka, na kama nilikuwa nikipaka rangi ukuta, nilihakikisha sijaipa mgongo ile milango.

Mtaani walisema yao. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanawake walimtuma mtu kuuliza kama vyao vimekaa sawa. Mwenye duka wa pale mtaani alinitaka nimwekee pea mbili, moja ya akiba, nami nikamwambia akanunue roho ya akiba dukani kwake. Wengine waliacha kunisalimia kwa mkono. Hilo liliniudhi sana, maana nimezaliwa mtaa ule na sijawahi kumdhuru mtu, isipokuwa kwa ulimi.

Lakini aliyenitia hofu hasa alikuwa mke wangu. Yeye ambaye hakuwa akipanda, alianza kupanda kila siku. Nilizisikia ngazi zikilia, kisha anasimama mlangoni, ushungi umemfunika nusu ya uso, anatazama mlango mmoja tu wa mji wangu. Anatazama pea ya tatu. Akishatosheka hushuka kuendelea na mapishi yake.

Nikaelewa basi kwamba viatu vile vya punje ya mchele ndivyo vimekuwa habari pekee ya mwanetu tuliyonayo. Kanuni yangu ilikuwa viatu vya walio hai tu, na kanuni hiyo niliifuata bila huruma katika milango ya watu. Nikiviondoa vya mwanangu, nimemzika kwa kibano. Nikiviacha, nimeudanganya mji mzima kwa ajili ya mlango mmoja. Niliviacha. Na kila asubuhi, kabla hajapanda yeye, nilipanda mimi kuangalia kama vimegeuka, nikaongeza tone la gundi hata pasipokuwa na haja. Niliogopa. Mtu mzima, mwenye mvi, naogopa kipande cha ngozi.

Kigari nacho kikaanza tabia mpya. Kilizunguka mji vizuri, lakini kikifika mbele ya nyumba yetu kilisimama. Nilisafisha reli kwa spiriti, nikabadilisha kipande chote cha reli, nikafungua mota na kuifunga tena. Kikaendelea kusimama palepale, benchi lake tupu limekabili mlango wetu.

Mke wangu alikiona siku moja.

"Chamngoja nani?" akauliza.

"Ni vumbi kwenye reli," nikamjibu.

Alinitazama kama anayenihurumia.

Kisha ikafika asubuhi moja, mvua imeshakatika na njia zinanuka udongo. Nilichelewa kidogo kurudi kutoka sala ya alfajiri, maana tulikaa barazani tukizungumza. Nilivua viatu, nikapanda moja kwa moja kama desturi yangu. Mbele ya mlango wetu mdogo kulikuwa na pea mbili.

Nilipiga magoti. Nilipapasa chini ya meza kwa viganja, katika vumbi la msasa, nikiinua kila kibanzi kukitazama. Nilizipekua nyumba za majirani, nikafungua hata mlango wa msikiti wa mbao nikachungulia ndani. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Bado, bado, bado," wala sijui nilikuwa nikimwambia nani. Halafu nikasogeza taa karibu na mlango wetu. Pale pea ya tatu ilipokuwa palikuwa na alama ya kukwanguliwa. Gundi haikuachia yenyewe.

Nikashuka mpaka mlango wa nje. Pale ambapo makubadhi ya mwanangu yalikaa miaka yote palikuwa na sakafu tupu, na sakafu ile ilikuwa na rangi mpya kuliko pande zake. Nilikuwa nimepita hapo muda mfupi uliopita bila kuona.

Mke wangu alikuwa jikoni, anakaanga mahamri.

"Viatu vi wapi?" nikamwuliza. Sauti ilinitoka kali.

"Nimevitoa sadaka."

Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kwetu hata mtoto ajua maana yake. Marehemu akikujia ndotoni akaomba kitu, kitu hicho hupewa mtu anayekihitaji, na hapo marehemu amepata. Aliye hai akikujia ndotoni, asubuhi unampigia simu mkacheka.

"Amekuja?" nikasema.

"Amekuya." Aligeuza hamri moja, akaingoja. "Alisimama pale mlangoni, hakuingia. Miguu mitupu, imerowa mpaka magotini. Akaniambia, 'Mama, nipa viatu vyangu.' Nalimwambia, ndoo, ingia ndani, ule kwanza. Akarejea neno lilo hilo. Nikaamka. Weye umeshatoka kwenda msikitini. Nikafungua mlango, na hamali apita na mkokoteni wake kwenda sokoni Marikiti, mtu wa bara, pekupeku kwenye matope. Nikampa."

"Na vile vidogo?"

"Nalivikwangua kwa kisu cha samaki. Gundi umetia nyingi mno, mume wangu." Hakunitazama. "Nikavitia ndani ya vile vikubwa. Vimekwenda pamoja."

Nilitaka kumwuliza kwa nini hakunisubiri. Nilitaka kumkasirikia, maana hasira ndiyo niijuayo, lakini haikuja. Kilichokuja ni kilio, nikalia mbele ya mke wangu juu ya mbuzi ya nazi, bila aibu, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya pili.

"Vilimtosha yule hamali?" nikauliza nilipoweza.

"Vilimtosha."

Aliepua karai, akazima gesi. "Mwambie shekhe," akasema, "Ijumaa baada ya sala. Miye ntapika."

Nikaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na nililiona la kitoto, lakini lilikuwa limeshanifika mdomoni.

"Na mimi? Hakuniulizia?"

Mke wangu alinimiminia chai mpaka ukingoni, akakisogeza kikombe taratibu karibu na mkono wangu.

"Alikuwa na haraka," akasema.