Neno la Kutoka Mnyambe Hadi Mkomaindo

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Masasi, na wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja: sipendi sentensi zinazorukaruka. Mtoto akiandika, "Nilikwenda shambani. Mvua ilinyesha. Mama alikasirika," namuuliza huyo mama alikasirikia mvua au alikukasirikia wewe. Tia "kwa hiyo". Tia "ingawa". Msomaji si mbuzi hata arukie kila jiwe.

Sifa hizo zilifika kijijini kwetu Mnyambe, kule Newala, na ndizo zilizoniponza. Babu alipotimiza mwaka tangu azikwe, ukoo uliandaa dua, nikapewa kazi ya kuandika historia yake na kuisoma kabla ya pilau. Nikavimba kichwa.

Mwanzo uliteleza vizuri. Alizaliwa, akapanda mikorosho, akamwoa bibi mkubwa aliyemzaa baba yangu. Kisha nikafika kwa bibi mdogo, mke wake wa Mkomaindo, hapa Masasi mjini, nikakwama. Neno gani linamtoa mtu kwa mke mmoja na kumfikisha kwa mwingine? Nikiandika "kwa hiyo akaoa tena", bibi mkubwa ndiye mwenye makosa. "Hata hivyo" ni kama babu alionywa akakaidi. "Pia" lilimfanya bibi mdogo awe kachumbari. "Badala yake" nililifuta haraka, nikatazama mlangoni kama kuna aliyeniona.

Msicheke. Siku ya maziko bibi mdogo alikalishwa kwenye mkeka wa wageni, yeye aliyemfulia na kumpikia babu miaka nenda rudi. Hakulalamika. Nilipompitia Mkomaindo kumwalika, nilimkuta anakaanga maandazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitakuja. Hiyo historia nitaisikiliza nikiwa mlangoni. Nikisikia kwamba mimi ni mgeni pale, naita bodaboda narudi, na Mnyambe hamtaniona tena."

Nampenda bibi yule, na hatishii bure. Nikarudi nyumbani na hofu yangu, nikaandika "Baadaye", neno lisilomgusa mtu.

Siku ya dua bibi mkubwa alikaa kwenye mkeka katikati ya ua. Bibi mdogo alisimama mlangoni, ndala miguuni, kama alivyoahidi. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani mpaka nikafika pale.

"Baadaye—"

"Baadaye ya lini?"

Sauti ilitoka nyuma ya jiko, nikajua nimekwisha. Alikuwa mtani wetu, mama wa ukoo ambao tunataniana nao tangu enzi, na kwa mila hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Alikuwa amevaa koti la babu na kofia ya babu, anachechemea vilevile kama babu. Kwetu watani humrudisha marehemu namna hiyo, watu wakamlia huku wanacheka.

"Mimi mwenyewe nipo, karatasi ya nini?" Akaninyang'anya, akaibana kwapani. Akamwendea bibi mkubwa. "Lete makopa ya muhogo niyapeleke Masasi. Mwenzio kasema ya juzi yalikuwa na mchanga." Akachechemea hadi mlangoni. "Na wewe lete dagaa. Mwenzio kasema ulimpa vichwa vitupu."

Ua mzima ukaangua kicheko, maana ilikuwa kweli. Wake wale hawakukanyagiana kizingiti, ila babu akitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hakusafiri mikono mitupu hata siku moja.

Bibi mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Muongo huyo!" akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Vichwa sikusema. Nilisema chumvi imezidi!"

"Niliizidisha makusudi," bibi mdogo akajibu. "Wewe si ulisema maandazi yangu magumu?"

Bibi mkubwa akasogea, akapigapiga mkeka kwa kiganja pale alipopaacha wazi. "Njoo ugombee hapa. Koo linaniuma kupiga kelele."

Bibi mdogo akavua ndala.

Historia haikumalizwa. Mtani aliondoka nayo, na siwezi kumdai. Wajane walikula sinia moja, mimi nikanuna pembeni, kwa sababu aya yangu ya mwisho ilikuwa tamu kwelikweli. Ndipo bibi mkubwa alipoacha kutafuna.

"Sasa nani atatubebea?"

Bibi mdogo alijifuta macho kwa pindo la khanga. Nami nilimkumbuka babu akishuka kwenye basi stendi ya Masasi na kifurushi chake. Kisha wote wawili wakageuka, wakanitazama mimi.

Kwa hiyo mkiniona kwenye basi la Newala, mwalimu mzima nimevaa nadhifu na nanuka dagaa, msiniulize. Safari iliyopita nilitumwa nifikishe kwamba chumvi bado imezidi.