Nyundo Kwenye Nyimbo Bora

Kampuni ya muziki ilipotangaza albamu ya nyimbo bora za miaka ya mwanzo za bendi moja ya roki ya zamani, fundi bati alicheka mpaka koleo likamponyoka. Miaka ya mwanzo! Bendi ilidumu miaka mitatu ikasambaratika. Ya mwisho ilikuwa lini? Redio zote zilizikwepa nyimbo zile kama mtu anavyomkwepa jirani mwenye maneno mengi. Lakini siku hizi mwimbaji wao alikuwa anatangaza sabuni kwenye televisheni, na wakubwa wakagundua ghafla kwamba sauti yake ni urithi wa taifa.

Alicheka, lakini habari hiyo ilimhusu. Nyimbo zile zilirekodiwa mle mle karakanani mwake, kwa kuwa bendi haikuwa na ukumbi wala ngoma. Badala ya ngoma, yeye aligonga ndoo kwa nyundo, ndoo za wateja, zilizotakiwa kesho yake. Kila baada ya ubeti alinyamaza kidogo kuigeuza ndoo isibonyee upande mmoja, na bendi nzima ilimsubiri.

Dada yake, aliyekaa naye nyumba moja, hakuamini hata siku moja.

"Wewe ulikuwa unawashikia nyaya tu, kaka."

"Nilipiga!"

"Ulipiga ndoo. Mbuzi akigonga ndoo kwa kwato, naye tumwite mwanamuziki?"

Wapwa wake walishazoea kumwita Mjomba Ndoo. Albamu hii ndiyo ingemfutia aibu, ili mradi nyundo isikike.

Akaitwa kwenye ofisi ya kampuni kusaini idhini, kwa kuwa rekodi zilifanyika kwake. Mhandisi wa sauti akampokea kwa tabasamu.

"Tumeusafisha muziki, mzee wangu. Kulikuwa na makelele ya chuma, tumeyang'oa yote."

Fundi akavuta kiti. "Hebu weka."

Gitaa likatangulia, mwimbaji akafuata, kisha wakaanza kupoteana kama watu wanaotafutana sokoni.

"Umesikia?" alisema mkurugenzi wa kampuni, macho kayafumba. "Hii ndiyo roki mbadala. Haieleweki, ndiyo maana ni sanaa."

"Bosi, hiyo si sanaa. Hiyo ni ndoo inavuja. Rudisheni nyundo ndipo nisaini."

Mkurugenzi akaamuru iwekwe ngoma ya kompyuta. Kompyuta ikapiga sawasawa kama askari wa gwaride, lakini ubeti ulipoisha bendi ilinyamaza, kompyuta ikaendelea peke yake. Haikujua lolote kuhusu kugeuza ndoo. Wakajaribu mara nne. Mara ya tano mkurugenzi akafumbua macho.

"Rudisheni hayo makelele," alinong'ona.

Fundi akasaini. Jalada la albamu lilipotoka, lilimshukuru mkurugenzi, mke wa mkurugenzi na kampuni ya sabuni. Fundi hakuandikwa popote. Dada yake alilisoma lote, mbele na nyuma, kwa furaha kubwa.

"Mjomba Ndoo, jina lako liko wapi?"

Fundi aliweka wimbo, akaichukua ndoo ya jikoni ya dada yake na mwiko, akaanza kugonga. Pigo kwa pigo, mkono wake na spika vilikwenda pamoja. Ubeti ukaisha, kukawa kimya.

"Mbona wamenyamaza?" dada aliuliza.

"Nageuza," alisema, akaigeuza ndoo, na wimbo ukaendelea na mkono wake.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamnyang'anya ndoo.

"Basi, mwanamuziki. Utanitobolea."