Njia ya Ng'ombe ya Kwenda Somanda

Mama yangu alikuwa anakwenda Somanda kwa miguu kila asubuhi, kidumu cha maziwa mkononi, na anafika kabla jua halijaanza kuuma. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu wanaokuja kwetu siku hizi hushuka kwenye bodaboda wakijipangusa tope, halafu huniuliza kwa nini tulijenga porini. Hatukujenga porini. Babu, mzaa mama, alijenga hapa juu wakati mji wa Bariadi uko kule chini, na kati ya boma lake na mji palikuwa na njia. Njia ndiyo iliyokufa. Sisi tupo palepale.

Ilikuwa njia ya ng'ombe. Makundi mawili yaliweza kupishana bila madume kutazamana vibaya. Kando kando ulisimama uzio wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe unaounguza macho, na chini palikuwa luseni, udongo wa kichanga unaokunywa mvua upesi. Ukitoka kwenye luseni unaingia mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa na mvua zikinyesha unakuvua viatu. Ng'ombe walipita pakavu, na watu wakawafuata ng'ombe. Hakuna aliyekaa kikao kwa jambo hilo.

Huko Somanda, mtaa wa mjini, alikaa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Wote wawili walizaliwa katika boma hili la babu. Mama alirudi hapa baada ya baba kufariki. Mama mdogo alibaki mjini, akauza vitumbua miaka mingi, akajenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja kidogo mno, maji ya bati lake yakidondokea kwa jirani. Tulimcheka sana. Kwetu sisi mtu anapimwa kwa nafasi. Babu alikuwa akisema kwamba jogoo wako akimwamsha mtu wa nyumba nyingine, umejenga vibaya. Mama mdogo akija kututembelea, wajomba walimuuliza kama huko mjini analala amesimama. Naye alicheka, akawajibu kwamba akiishiwa chumvi hapandi pikipiki.

Kisha kiharusi kikampiga, upande mzima wa kulia. Na katika kile kinyumba tulichokicheka maisha yake yaliendelea, kwa sababu kila kitu kilikuwa mlangoni: hospitali karibu, duka la dawa karibu, jirani akisikia kikombe kimeanguka anakuja kuchungulia. Kitu kimoja tu kilikuwa mbali naye, nacho ni dada yake. Alizaa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mkwe, mke wa mtoto huyo, ndiye aliyekuwa akishinda naye nyumbani. Kwa mila yetu mkwe hamwoni mama mkwe uchi. Mama mdogo alikuwa hawezi kunyanyua mkono, lakini haya yake ilikuwa nzima. Hakukubali kuogeshwa na mwingine isipokuwa mama. Nilijaribu mimi Jumapili moja, kwa kuwa siku nyingine nakuwa shuleni nafundisha. Alikubali kwa kuwa mimi ni binti wa dada yake, lakini alifumba macho tangu nilipomwagia maji mpaka nilipomfunga kanga.

Kwa hiyo kila asubuhi mama alishuka na njia ya ng'ombe, akamwogesha mdogo wake, akamsuka nywele, akamnywesha maziwa kwa kijiko, na wakazungumza Kisukuma chao cha utotoni ambacho hata mimi sikukielewa chote. Akirudi alikuwa mtu mwenye furaha. Hakuhitaji gari, wala msaada wa serikali, wala huruma yangu. Alihitaji njia.

Njia hiyo iliuawa na watu wema, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa mahali pa kukaa. Huku mtu hagombani na jirani juu ya mpaka. Ukimwambia mwenzio amekuingilia, na mwezi huohuo ndama akafa, wako au wake, mmeanza habari za uchawi, na habari hizo hazina mwisho. Basi watu wakanyamaza, na minyaa ikatembea. Sitanii. Uzio ukizeeka, vijiti vinanyauka, mtu anakata vibichi na kuchomeka upya, na sijawahi kumwona anayechomeka kwa ndani. Anachomeka kwa nje, hatua moja kwenye njia. Wa upande wa pili anaona, hasemi kitu, na msimu unaofuata naye anachomeka vyake. Walisogeleana hivyo mwaka hadi mwaka, kwa adabu kubwa, wakisalimiana mwangaluka kila kukicha.

Tulipopewa mkoa, Bariadi ikawa makao yake, na mambo yakaenda mbio. Kila aliyekuwa na shamba la pamba pembeni ya mji akaligeuza viwanja, wajomba zangu wakiwa mstari wa mbele. Wanunuzi walitaka viwanja vikubwa. Ungedhani wote wana ng'ombe. Mtu mwenye mke, watoto wawili na friji alitaka eneo la kufugia kundi zima, akalizungushia uzio, katikati akaweka nyumba, na kuizunguka nyumba akaacha majani. Tukapata mji usio mji. Nyumba hapa, nyumba kule, katikati nyasi, na kila ukitaka kitu, hata kiberiti, unapiga simu kwa bodaboda. Mfanyabiashara mmoja anayeishi Mwanza alinunua mdomo wa njia, upande wa Somanda, akajenga ukuta na geti la chuma. Anakuja sikukuu. Siku nyingine zote ukuta ule unalindwa na mlinzi na mbwa.

Mwanzoni mlinzi alimpitisha mama. Kisha akaambiwa kuna kamera. Alimweleza kwa upole, akamwita mayu, yaani mama, akasema si yeye, ni bosi. Mama akampa pole kwa kazi ngumu, akageuka.

Wakati huo wapimaji walikuwa wamefika mtaani kwetu kwa urasimishaji, yaani kuwapimia viwanja watu waliokwisha kujenga ili wapate hati. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Mpimaji, binti mdogo mwenye buti zilizojaa tope, alieleza kwamba njia ya zamani inaokoleka: kila mmoja arudishe uzio wake hatua mbili, na mwenye ukuta atafuatwa kwa sheria. Mama alisimama akasema haombi barabara, anaomba pa kupita mtu na kidumu. Watu walimpigia makofi. Wote walikubali, hata mkono mmoja haukubaki chini. Kisha kila mtu akaenda kwake kumngoja jirani atangulie. Aliyetangulia kurudisha minyaa angeonekana mjinga, na aliyemhimiza mwenzake angeonekana mchokozi. Mvua zikanyesha, vijiti vikashika mizizi.

Katika kikao cha pili akainuka mtu akasema mji unakua, tufikirie magari. Tunataka barabara pana, magari mawili yapishane. Neno hilo liliwaingia watu kama pombe. Nilitazama uwanjani: pikipiki, baiskeli, na miguu. Mwenye gari alikuwa ni yule wa geti, na hata yeye alituma mwakilishi. Lakini barabara pana ikapitishwa kwa vigelegele, na ilipofika zamu ya kuchagua ipite wapi, wakaichagulia mbuga, kule nyuma, kwa kuwa huko hakuna ambaye angepoteza kitu. Ndivyo barabara ilivyopelekwa mahali ambapo hakuna aliyetaka ardhi, na hakuna aliyetaka ardhi hiyo kwa sababu haipitiki. Nilisimama nikalisema hivyo hivyo, na mwenyekiti akaniomba nisiwavunje watu moyo. Nilikaa chini. Mpaka leo nikikumbuka vile vigelegele, nakasirika upya.

Mama akawa mtu wa bodaboda. Safari ikawa ya kuzunguka mbuga nzima. Mvua za kwanza tu, pikipiki ikateleza kwenye barabara yetu pana, ikamlalia mguuni, akavunjika nyonga. Alipona kiasi cha kutembea na fimbo pakavu, polepole, lakini hakuweza tena kupanua miguu akapanda pikipiki. Bajaji kiangazi zilibembelezeka. Masika hakuna dereva aliyethubutu, na sikuwalaumu. Nilimwambia ahamie kwa mama mdogo. Alinijibu kwamba akiondoka, siku akirudi atakuta minyaa ya watu imefika mlangoni. Hakukosea.

Basi dada wawili waliokuwa wanaonana kila siku wakawa hawaonani msimu mzima wa mvua. Simu haikusaidia. Kiharusi kilikuwa kimelegeza ulimi wa mama mdogo, na kwenye simu sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mama alizoea kumwelewa kwa kumtazama mdomo. Alikuwa anashika simu sikioni, anaitikia tu, kisha ananirudishia na kuniuliza mdogo wake amesema nini. Nami sikuwa nimeelewa. Nilikwenda kumwogesha mama mdogo kila nilipopata nafasi, naye kila mara akafumba macho. Siku nisizokwenda alikaa bila kuoga. Mkwe aliniambia, akilia, kwamba angemwogesha hata mara kumi kwa siku kama angeruhusiwa.

Mama mdogo alifariki wakati wa mvua kubwa, asubuhi, nyumba ikiwa imejaa majirani. Kiwanja chake hakikuwa na nafasi ya kaburi, na mwenyewe alikuwa amesema azikwe kwa babu, karibu na wazazi wake. Ndugu walikuja kutoka Mwamapalala, wajomba wakachimba kaburi nyuma ya zizi la zamani, na sisi wanawake tukakaa na mama tukingoja gari lenye jeneza.

Gari halikufika. Lilizama kwenye mbuga, kwenye barabara yetu pana, magurudumu yote manne. Walisukuma mpaka suti za watu zikawa rangi moja. Kisha, sijui nani alilisema, wanaume wakalibeba jeneza mabegani, wakarudi nalo mpaka Somanda, wakaja na njia ya ng'ombe.

Geti lilifunguliwa. Mlinzi hakupiga simu Mwanza kuuliza. Alimfunga mbwa, akavua kofia. Huku kwetu hakuna anayeizuia maiti kupita. Ukiifungia mlango, inajua nyumba yako. Na palipokuwa na minyaa, wenye minyaa wenyewe walitoka na mapanga wakaikata, upande huu na upande ule, bila kuambizana nani atangulie. Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao, mikono imelowa utomvu mweupe mpaka viwikoni. Kazi iliyoshindikana vikao viwili ilimalizika kabla jeneza halijafika nusu ya njia.

Mtu akaja mbio kutuambia wanakuja na njia ya zamani. Mama akainuka, akachukua fimbo. Tulimshika, akatutoa mikono. Akatoka nje ya boma akaingia kwenye njia, kwenye kile kichanga, akashuka kuelekea Somanda kama alivyokuwa akishuka siku zote, na sisi nyuma yake. Kichanga hakikumwangusha. Alikutana na mdogo wake katikati, karibu na mwamba ambapo zamani walikuwa wanapumzisha ng'ombe. Wanaume walisimama. Mama aliweka kiganja kwenye ubao, akazungumza naye Kisukuma chao, muda mrefu, na hakuna aliyemhimiza. Kisha akageuka, akatangulia mbele ya jeneza kurudi nyumbani, akiwaonyesha pa kukanyaga.

Baada ya mazishi mwenyekiti alikuja kumpa mkono wa pole. Alipiga goti, kwa heshima, macho yamemvimba kwa utomvu. Mama alimshika mkono akawa hauachii.

"Kumbe njia ipo," alimwambia. "Mlikuwa mnamngoja nani afe?"

Mwenyekiti alisema pole mayu. Akasema pole tena. 

Watu walipotawanyika, nilidhani, mjinga mimi, kwamba sasa njia itabaki wazi. Geti lilifungwa jioni ileile, na hilo nililitegemea. Lakini hata wale waliokata kwa mikono yao wenyewe walirudi. Walianza kwa kuziba na matawi ya miiba, kwa ajili ya mbuzi tu, walisema. Kisha, kwa kuwa ardhi ilikuwa na unyevu mzuri wa kupandia, wakachomeka minyaa mipya. Walichomeka kwa nje.

Nilimkuta mama amekaa barazani, amejifunga kanga, kidumu kimejaa maziwa kati ya miguu yake. Alikuwa amekamua na kujaza kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba hakuna tena wa kumpelekea. Nilitaka kukipeleka ndani, akakataa. Aliuliza kama wale vijana wanaochomeka minyaa wamemaliza au bado, maana walipita hapo asubuhi, wakamwamkia vizuri sana.