Maneti ya Nyanya

Wiki iliyopita nilichomeka maneti, kile kidude cha mkononi cha kuendeshea michezo, kwenye kompyuta yangu ya Linux, ikakubali papo hapo, bila kuandika hata amri moja. Nikashindwa kucheza, rafiki yangu. Nilimkumbuka nyanya yangu, na nilivyomtenda nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Tulikaa Gisenyi, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, ambako alfajiri ulisikia kandambili za akina mama wakivuka na mabeseni kwenda kuuza Goma. Nyanya alikuwa mmoja wao, hadi kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia. Yeye aliyemenya viazi vya Kanama huku akipiga soga, sasa alikaa mbele ya jiko la makaa, kisu kikimdondoka.

Daktari alisema vidole vipewe kazi. Jirani yetu, mwalimu aliyerudi kutoka Tanzania, akaleta maneti kuukuu, akaichomeka kwenye kompyuta ya baba. Kompyuta haikuitambua. Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri, akafuta, akaandika tena, mpaka nambari zikajipanga kwenye kioo.

"Sukuma kijiti hiki, mama," alimwambia nyanya.

Kidole gumba cha mkono ule kikasogea. Nambari moja ikabadilika.

"Yebabawe!" nyanya akacheka. "Mukono yangu haikufa! Inalala tu."

Tangu hapo, kila alasiri, maharage yakitokota, aliendesha kigari kwenye kioo, akigonga kuta, nasi watoto tukimshangilia. Baada ya miezi kadhaa alimenya kiazi kizima. Ganda lilikuwa nene kama kidole, lakini mama alilia.

Kisha nikaichukua maneti bila kuomba. Nilimsindikiza mama hadi Goma, nikawaonyesha watoto wa shangazi yangu aliyeishi huko, nikawaachia hadi kesho yake. Kesho yake mpaka ukafungwa, na ukabaki umefungwa wiki nyingi.

"Maneti iko wapi, mama?" nyanya aliniuliza. Ndivyo alivyoniita, mama.

"Iliharibika," nikasema.

"Bon. Kitu ya mashini inakufaka." Akaufunika mkono wake kwa kitenge.

Mpaka ulipofunguliwa niliifuata Goma, nikairudisha, nikijifanya imetengenezwa. Mwalimu akaichomeka, akaitazama pande zote. "Hii haijawahi kufunguliwa," alisema. "Ni nzima kabisa." Nyanya akanitazama, kisha akajaribu kusukuma kijiti. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa wiki zile za kukosa kazi. Nambari hazikusogea.

"Cheza we," aliniambia. "Mi nitaangalia."

Nikacheza, naye akaangalia hadi mwisho. Hakunisema kwa mtu yeyote. Alifariki kabla maharage mapya hayajavunwa.

Mwalimu alihama. Ndugu zangu wako Kigali, na watoto wao hawajui Kiswahili kile cha nyanya. Mimi sikumwomba msamaha. Nilingoja siku tutakayobaki wawili tu, lakini nyumba yetu ile haikuwahi kukosa watu: wageni kutoka Goma, majirani, watoto, kelele za sahani. Sasa imefungwa kwa kufuli, na hakuna anayeishi humo.