Nilivyoenda Malinya Kuona Mtaro Unaoanzia Mwisho

Mtu wa vitalu haachi miche yake wakati wa kiangazi bila sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo. Shule ya bweni ya hapa kwetu Chekalini ilipojenga madimbwi ya kusafisha maji ya vyoo na jikoni, maji yaliyotoka dimbwi la mwisho yalikuwa yakipotelea kwenye nyasi. Nani aliyaona kuwa mali? Mimi. Nani alishika jembe akachimba mtaro kutoka pale hadi kitaluni? Mimi tena, mtu niliyeachia masomo darasa la sita, na leo sehemu kubwa ya mikaratusi unayoiona Lugari ilianzia mikononi mwangu. Wenye shaka waulize hiyo mikaratusi.

Wengine wakaufuata mtaro. Ndugu wawili wa kufyatua matofali wakauendeleza, kisha Mama Nanjala, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa, akauvuta hadi kwenye nepia yake, yale majani ya kulisha ng'ombe, kule chini kabisa. Kiangazi kilipokaza, nepia ikakauka. Mama Nanjala akaenda kwa naibu wa chifu kusema maji yote yanaishia kitaluni kwangu. Naibu akatoa neno: tukifika baraza la Jumatatu bila mpango tuliokubaliana, ataomba shule igeuze bomba, maji yaende mtoni, tukose wote. Kwa jua lile, miche yangu isingemaliza wiki.

Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa Malinya kuna watu wanagawana maji ya namna hiyo bila kurushiana mawe. Nikawaambia majirani nitaenda kujionea. Nilikuwa na hakika kwamba huko nitakuta aliyechimba ndiye anayekunywa kwanza, nirudi na ushahidi.

Alhamisi asubuhi niliwasha pikapu yangu, ambayo nilinunua kwa miti, si kwa mkopo. Kutoka barabara ya Webuye nikageuka kuelekea Malava, na hapo mahindi yakaniaga, miwa ikanipokea. Matrekta ya miwa yalitembea polepole mbele yangu, nikapata nafasi ya kukagua miti ya watu kandokando ya barabara. Mingi ilipandwa karibukaribu mno. Nilisimama mara moja kumwambia mwenye shamba hivyo, naye akanishukuru, ingawa kwa mdomo wa kukunja.

Adhuhuri nikapita mjini Kakamega bila kusimama, maana mji nauelewa. Khayega nilisimama kuuliza njia. Mtu mmoja wa boda boda akanitazama, akatazama na gari.

"Unatafuta wale wa maji ya choo?"

"Ya choo yaliyosafishwa," nikamwambia.

"Basi fuata mimi, mzee. Wakikupikia, kula. Hayo maji hawaweki kwa sufuria."

Alasiri nikafika. Mwenyekiti wa mtaro alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, jina lake Khasandi. Nilipomweleza mimi ni nani na nimefanya nini katika maisha haya, alisikiliza vizuri, kisha akaanza kunieleza yeye ni nani, na ninakiri alichukua muda mrefu kuliko mimi. Kitalu chake kilikuwa juu kabisa, karibu na madimbwi ya shule yao. Chini yake palikuwa na nepia ya Shivachi, mfugaji wa fahali wa kupigana, na mwisho kabisa waosha dhahabu. Hao wamewekwa mwisho kwa sababu maji yakishapita kwenye udongo wao yanatoka tope na zebaki, hayafai tena kwa mtu. Mboga za majani hakuna aliyeruhusiwa kunywesha. Na likizo ya shule ikija wanafunzi hawapo, maji yanapungua, basi wanakubaliana ni miche tu inayopewa.

Jioni tulikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, Shivachi akamsifu fahali wake mpaka sahani zikaisha.

Ijumaa asubuhi Mama Khasandi akanipa jembe. Akasema mgeni ndiye atafungua maji leo, kengele ya kipindi cha kwanza ikilia. Maana wanagawana kwa kengele ya shule. Maji yanatoka shuleni, na saa pia inatoka shuleni, inasikika kilima kizima, hakuna wa kubishana na saa ya simu ya mwenzake.

Kengele ikalia. Nikapiga jembe moja safi, nikafungua mdomo wa kwanza, wa kitalu cha juu, kama ninavyofanyanga nyumbani. Maji yakaingia kwa miche vizuri sana. Nikageuka ili nisifiwe.

Shivachi alikuwa ameshika kiuno. "Huyu ni wa Lugari. Kwao kichwa kinakula, mkia unasimuliwa."

Mama Khasandi akaziba ule mdomo kwa mguu wake na kunipeleka chini kabisa, kwa waosha dhahabu. Tulitembea pamoja na maji, na niliona kitu ambacho miaka yote sikuwa nimekitazama. Mtaro wenyewe ulikuwa unakunywa. Nyufa zilimeza, maji yakasimama kidogo, yakaendelea. Yalipofika kwa waosha dhahabu, mtaro mzima ulikuwa umelowa.

"Mtaro ni mtumiaji kama wewe," akasema. "Mpe yake mara moja, asubuhi. Halafu zamu inapanda kwenda juu, na kila mtu anakuta njia imelowa. Mkianza juu, wa mwisho anapewa dakika sawa na zenu, lakini anazimaliza kunywesha nyufa."

Nikamuuliza basi aliyechimba anapata nini.

"Huu alichimba marehemu mzee wangu, na mimi ndiyo niko juu. Nakunywa jioni, wa mwisho. Wewe mtu wa miche, hebu niambie, mche unataka maji saa sita ya jua ama jioni?"

Jibu nililijua kabla hajazaliwa. Jioni. Nikamwambia hivyo kwa ukali kidogo, akacheka mpaka akashika jembe langu.

Mchana nikaondoka, na jioni nilikuwa nyumbani.

Jumatatu kwenye baraza nilisimama kwanza, nikaeleza kila kitu. Ndugu wa matofali wakasema nimerogwa huko Malinya. Mama Nanjala akauliza kwa nini aniamini. Nikamjibu asiniamini, asimame kwake kesho kengele ya shule yetu ikilia. Naibu wa chifu akasema bomba lingoje hiyo kesho.

Jumanne nilipita mdomo wangu ukiwa umezibwa, na niseme ukweli, mguu ulikuwa mzito. Nyufa zilimeza na kumeza. Mama Nanjala alisimama katikati ya nepia yake na gambuti za mpira miguuni, mikono kifuani, hadi maji yakazunguka zile gambuti. Hakushukuru. Akainama, akayaelekeza kwa mkono kwenye mistari, kisha akaniambia, "Baba Mulongo, usikuje kufunga kabla ya kengele."

Jioni miche yangu ilikunywa ikashiba, na naibu akaliacha bomba lilipo.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani mtaro ule niliusafisha peke yangu, nikijisifu nimeinama, jasho likinitoka. Sasa Mama Nanjala anapanda huku juu na jembe kila asubuhi akitoa magugu mpaka mlangoni kwangu, na wale wa matofali wanaziba nyufa kwa udongo wao, kwa sababu kila mmoja anataka maji yampitie upesi. Mimi siku hizi najisifu nikiwa nimeketi.