Nilivyoshukuru Kabla ya Kuelewa

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilifagia kuku wote wa mama kule Magarini. Yakabaki mayai ya mwisho ya uzao alioachiwa na nyanya, na mimi nikayabeba hadi kwangu Gongoni, nikayapanga ndani ya sanduku la kuangulia nililolitengeneza mwenyewe kwa mbao na balbu. Yakiharibika haya, basi tena.

Shida ikaanza mapema. Kipimajoto kilisema joto liko sawa, lakini kila nikiyashika mayai nayakuta yamepoa. Nikaingia kwenye jukwaa la wafugaji mtandaoni nikauliza. Bwana mmoja akajibu upesi: "Joto halitoshi, ongeza." Sikuelewa, maana kipimajoto kilikuwa kinanionyesha kwamba latosha. Nikafanya nini? Nikamwandikia ahsante sana, Mungu akuzidishie, kisha nikabonyeza alama ya kuwa swali limejibiwa.

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima akishakujibu, unasema nimesikia, unaondoka. Kumrudia ni kama kumwambia usoni kwamba hakukusaidia. Basi swali langu likazama chini huko pamoja na yaliyokwisha, wala hakuna aliyelitazama tena.

Mayai bado yamepoa. Kwa kuona haya kumrudia yule bwana, nikachomeka shida yangu katika swali la mtu aliyekuwa akiuliza habari za bata. Msimamizi akaifuta, akaniachia ujumbe: "Hapo ni kwa mwenzio. Rudi kwenye swali lako, ondoa ile alama, useme ulichojaribu na kilichokushinda."

Nilikasirika, tena sana. Nikamtukana kimoyomoyo huku nikisonga ugali. Halafu nikajiuliza, hivi nyumbani kwa mtu ningeingia bila hodi, nikakatiza mazungumzo yake na mgeni? Nikaipua sufuria, nikashika simu.

Safari hii niliandika kila kitu: kipimajoto kinasema hivi, mkono wangu wasema vile, jibu lako sijalielewa, niwie radhi. Yule bwana hakuchukia hata kidogo. "Mbona ulinishukuru, dada? Mimi nikajua mambo yamekwisha. Hicho kipimajoto umekitundika wapi?"

Nikakitazama. Kilikuwa kinaning'inia karibu kabisa na balbu, kinajiotea moto peke yake.

Nikakilaza katikati ya mayai. Joto likashuka pale pale mbele ya macho yangu, nami nikacheka kama mwehu. Nikaongeza balbu, nikampa habari, akaniuliza, nikamjibu, nikamuuliza tena, na tena, bila haya. Kila siku nilikuwa na la kumwambia. Sijawahi kufurahia kusumbua mtu kiasi kile.

Mayai yalipokaribia kuanguliwa nikampigia mama, akaja kwa bodaboda. Tangu kuku wafe alikuwa hataki hata kuwataja. Akakaa kando, akavua viatu. Nikatoa yai moja nikamwekea sikioni.

Akalishika. Mle ndani mlikuwa na kitu kinalia, kidogo, kwa hasira.

"Hawa mie nalishawaaga, mwanangu," akasema, na hakulirudisha yai mpaka nilipomwomba mara ya pili.