Nilikwenda na Tairi Jembamba, Nikarudi na Nene

Nilitoka Riruta asubuhi ile kwa sababu ya vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, kile kidogo na jirani yake. Kila nikienda mjini kwa baiskeli vinakufa ganzi, na safari ya kurudi huizidisha mpaka kesho yake. Nanyi jamaa zangu mlioko Mombasa mnaijua kazi yangu: nashona kofia kwa mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia haishonwi kwa vidole vilivyolala. Na iliyokuwa mkononi ni ya ndugu yetu Omari, ya siku ya nikaha yake, nayo ilikuwa imekwama nusu.

Mume wangu Athman aliniambia wazi tukinywa chai.

"Mwanaisha, baiskeli na sindano haviwezi kukaa nyumba moja. Chagua."

"Nipe leo tu. Nikirudi na ganzi, baiskeli mpe umtakaye."

Nilijibu kwa ujeuri, lakini moyo uliniuma. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya mtumba, nyepesi hata naibeba kwa mkono mmoja. Nikiwa juu yake hakuna anayeniita, hakuna anayeuliza chumvi iko wapi. Saa ile ya barabarani ndiyo saa yangu, na sina nyingine.

Barabara ya Naivasha ilikuwa imefunikwa na ukungu. Nilivaa suruali chini ya baibui, na pindo nikalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mandazi yalinukia kabla sijayaona. Mwanamke mmoja alikuwa akinyunyizia maji sukuma wiki, mikono yake ikitokea kwenye ukungu na kupotea. Ningeweza kusema nilikuwa ndotoni, lau si yale matairi membamba, magumu, yaliyoipeleka kila kokoto ya Nairobi mpaka kwenye viganja vyangu. Kwenye Barabara ya Ngong maghorofa yalionekana kuning'inia bila miguu. Niliyatazama kwa raha, na nilipokumbuka vidole vyangu, viwili vilikuwa vimeshaondoka.

Mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Mutua, fundi wa baiskeli mwenye kibanda nyuma ya maduka ya vipuri. Ni mtu wa Machakos, mcheshi, redio yake haizimwi. Yeye ndiye aliyenipa wazo: tutoe magurudumu makubwa yenye matairi membamba, tutie madogo yenye matairi manene, ili upepo ulio ndani ubebe mashimo badala ya mikono yangu. Magurudumu aliyapata kwenye mtumba, nami nilikuwa nimeyapima mwenyewe, tena kwa namna yetu washona kofia. Nilizungusha uzi juu ya tairi la zamani, nikauzungusha juu ya jipya, ncha zikakutana vilevile.

"Kichwa ni kilekile," nilimwambia siku ile ya kupima. "Kila kitu kitaingia."

Aliniamini, maskini.

"Niaje, mama? Leo tunamaliza hii kazi," alisema, akaigeuza baiskeli miguu juu. Magurudumu yaliingia. Matairi yalipita katikati ya fremu bila kugusa, nikapiga makofi. Kisha Mutua akabonyeza breki. Uso wake ukabadilika.

"Mama, hii breki inashika tairi. Inafaa ishike rimu, hii chuma ya gurudumu, na rimu iko huku chini."

Nikachungulia. Kweli, ule unene wa tairi ulikuwa umejaza pengo, nje kukawa sawa, lakini ndani rimu yenyewe ilikuwa ndogo na breki hazikuifikia. Nilikuwa nimepima kilemba nikadhani nimepima kichwa.

"Sasa turudishe zile za kwanza?" akauliza.

Nikirudi na yale magurudumu ya kwanza, nimerudi na ganzi, na baiskeli imetoka nyumbani.

"Usirudishe. Ngoja."

Nilitoa uzi mkobani, sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye ncha, nikapima tena, mara hii kutoka kwenye bolti ya breki hadi kwenye rimu. Nikampa Mutua ule uzi. Hakuutazama.

"Mama, unatoka damu."

Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole kidogo, nami sina habari.

"Kwani huskii?"

"Sisikii," nikasema, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli.

Mutua alichukua uzi akapotelea kwa wauza vipuri. Adhana ya adhuhuri ikanikuta pale, nikaenda msikitini, nikaomba dua moja tu, nayo mmeshaijua. Niliporudi, Mutua alikuwa anafunga breki kuukuu zilizotolewa kwenye baiskeli ya zamani.

"Hizi ziko na mikono mirefu," akasema. "Mkono mrefu kwa baiskeli si dhambi."

Akabonyeza. Zikashika rimu barabara.

"Usijaze upepo sana, wacha tairi ilegee kidogo. Na kwa kona usipige pedali, tairi ikilegea baiskeli inashuka, pedali itagonga chini."

Alasiri nilirudi kupitia Kilimani, na hapo ndipo sijui nisimulie vipi. Barabara ilinyamaza. Matairi yaliguna kidogo tu, kama mtu anayesikiliza hadithi. Mwendo ulikuwa wa polepole, mlima niliupanda nikihema, lakini miti ilipita juu yangu na vivuli vyake vikapita mapajani, na sikutaka kufika. Mlinzi wa lango moja aliniita.

"Mathe, hiyo ni baiskeli ama pikipiki?"

"Ni baiskeli. Imenenepa tu!"

Kwenye Barabara ya Naivasha lipo shimo linalonijua kwa jina. Nililiingia nikiwa nimeuma meno. Tairi likabonyea, likatoka. Mikono haikuambiwa kitu. Hata hivyo sikuthubutu kuvigusa vile vidole, niliogopa nitakachokikuta.

Nyumbani Athman alikuwa mlangoni.

"Haya, vidole?"

Niliegemeza baiskeli ukutani, nikanawa, nikachukua kofia ya Omari, nikatunga uzi. Kitundu cha kwanza kilipita. Cha pili, sindano ikateleza.

"Ah!"

"Imekuchoma?" Athman alikurupuka.

"Imenichoma!" Nilicheka machozi yakinitoka, nikamwonyesha kile kidole kidogo. "Athman, imenichoma, wallahi!"

Nami nilikuwa nikiwaza kwamba nimezunguka jiji zima ili nijifunze kupima kichwa bila kilemba, na kushukuru maumivu. Athman akatoka nje, akaiingiza baiskeli ndani, akakisogeza kikapu changu cha nyuzi, akaiegemeza palepale kando yake.